Paul Robeson: Nyota wa Rutgers aliyefutwa kwenye orodha ya mashujaa

KITABU kimoja cha kumbukumbu za kandanda ya Kimarekani kilichochapishwa mnamo 1950 kiliorodhesha kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vikuu wa mwaka 1918 kikiwa na majina 10 pekee. Mchezo huo huchezwa na watu 11 kila upande.

Jina lililokosekana ni la Paul Leroy Robeson wa Chuo Kikuu cha Rutgers, katika jimbo la New Jersey. Hakuwa ameachwa kwa bahati mbaya. Mwaka huohuo wa 1950 serikali ya Marekani ilimpokonya pasipoti yake, kumbi za muziki zikamfungia milango, nazo stesheni za redio zikaacha kucheza santuri zake.

Kwa wengi, Robeson hukumbukwa kama mwimbaji wa sauti nzito na mwigizaji wa tamthilia. Wachache hujua kwamba kabla ya kuimba hata wimbo mmoja wa malipo alikuwa amekwisha kuwa miongoni mwa wachezaji mahiri zaidi waliowahi kuvaa jezi nyekundu ya Rutgers. Wachache zaidi hujua kwamba mtu huyo alijifunza Kiswahili jijini London, na kwamba aliwahi kuigiza katika filamu moja na Jomo Kenyatta.

Mwana wa mtumwa

Robeson alizaliwa Aprili 9, 1898, katika mji wa Princeton, New Jersey. Babake, William Drew Robeson, alizaliwa utumwani katika jimbo la North Carolina. Alipokuwa na umri wa miaka 15, mnamo 1860, alitoroka na kukimbilia kaskazini. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alijisomesha, akahitimu katika Chuo Kikuu cha Lincoln kilichoko Pennsylvania na kuwa mchungaji wa kanisa la Kipresbiteri.

Kwa zaidi ya miaka 20 mchungaji huyo aliongoza kanisa la Weusi mjini Princeton. Mnamo 1901 aliondolewa kwenye mimbari kutokana na mvutano baina yake na wakuu Wazungu wa kanisa hilo. Ili kuilisha familia alilazimika kuzoa majivu ya nyumba za wenyeji na kuendesha gari la farasi.

Msiba mwingine ulifuata mnamo Januari 1904. Mkewe, Maria Louisa, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, alishika moto kutokana na kaa lililoruka kutoka jikoni, akafariki. Paul, kitindamimba wa familia hiyo, hakuwa ametimiza miaka sita.

Chuo maarufu cha Princeton kilikuwa hatua chache tu kutoka kwao, lakini wakati huo hakikuwa kikiwapokea wanafunzi Weusi. Mchungaji Robeson hakukubali hilo liwe kisingizio. Wanawe walitakiwa wapate alama za juu kabisa shuleni, na alipoletewa matokeo yenye alama 95 aliuliza zile tano zilikopotelea. Baadaye alihamia kanisa la AME Zion, kwanza katika mji wa Westfield kisha Somerville mnamo 1910, na huko ndiko Paul alikosomea shule ya upili.

Mwaka 1915 kijana huyo alifanya mtihani wa ushindani wa jimbo zima uliokuwa ukitoa ufadhili wa miaka minne katika Chuo cha Rutgers. Aliwashinda wenzake wote. Alipoingia chuoni humo alikuwa mwanafunzi wa tatu Mweusi katika historia ya taasisi iliyoanzishwa mnamo 1766, na katika mwaka huo hapakuwa na mwingine.

Ukumbi wa kwanza wa mchezo

Rutgers haikuwa timu ya kubahatisha. Katika uwanja wake mjini New Brunswick, Novemba 6, 1869, ndipo ilipochezwa mechi inayotambuliwa kuwa ya kwanza ya kandanda baina ya vyuo vya Marekani. Rutgers iliwalaza majirani zao wa Princeton kwa 6-4. Mchezo wa siku hiyo ulifanana zaidi na soka, lakini katika miongo iliyofuata ulibadilika na kuegemea raga, hadi ukawa huu wa leo wa mpira wenye umbo la yai.

Katika mchezo huo timu hupewa nafasi kadhaa za kuusogeza mpira mbele, ama kwa kukimbia nao au kwa kurushiana. Anayeuongoza mchezo ni kwotabeki, ambaye hupokea mpira kila zamu inapoanza na kuamua uende wapi. Wengine huwafungulia njia wenzao kwa kuwazuia wapinzani, na timu inapopoteza mpira, wote huwa walinzi.

Katika siku za Robeson mchezaji hakupumzishwa kirahisi. Wachezaji walewale walioshambulia ndio waliolinda. Kofia zilikuwa za ngozi laini, wengine hawakuvaa kabisa, na vifo uwanjani havikuwa jambo la ajabu. Miaka 10 tu kabla ya Robeson kuingia Rutgers, vifo na majeraha yalikuwa yamezidi hata Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa vyuo na kuwataka waurekebishe mchezo.

Huko ndiko kijana wa miaka 17 alikojipeleka. Kimo chake kilikaribia mita 1.9, mabega mapana, na kasi isiyotarajiwa kwa mwili mkubwa namna ile. Kocha wa Rutgers wakati huo alikuwa George Foster Sanford, aliyewahi kuichezea Yale.

Wachezaji wa timu hiyo hawakumtaka. Siku ya kwanza ya mazoezi walimvamia kwa pamoja, wakamvunja pua na kumuumiza bega. Kwa siku kadhaa alilala kitandani akitafakari iwapo inafaa kurudi. Ndugu yake alimtembelea na kumkumbusha msimamo wa baba yao kwamba hakuwa akicheza kwa niaba yake pekee. Nyuma yake walikuwapo vijana wengi Weusi waliotamani kuingia vyuoni, na endapo angekimbia, wangeambiwa hawawezi.

Alirudi. Katika zoezi moja mwenzake alimkanyaga mkono kwa makusudi kwa kiatu chenye meno ya chuma, kucha zikang'oka. Safari hii hasira zilimshinda. Katika zamu iliyofuata aliwapangua waliomzuia, akamshika aliyekuwa na mpira na kumwinua juu ya kichwa chake akitaka kumbwaga chini. Sanford alipaza sauti kumwambia kwamba amechaguliwa kwenye kikosi. Robeson alimshusha mtu yule polepole, na tangu hapo hakuna mchezaji wa Rutgers aliyethubutu kumchokoza.

Jumamosi ya benchi

Hata hivyo, kukubaliwa na wenzake hakukuwa sawa na kukubaliwa na chuo. Mnamo Oktoba 1916 Rutgers ilikuwa ikiadhimisha miaka 150 tangu kuanzishwa, na mojawapo ya shamrashamra ilikuwa mechi dhidi ya Washington and Lee, chuo cha jimbo la Virginia huko kusini. Wageni walisema hawangeingia uwanjani iwapo Mtu Mweusi angekuwamo.

Wakuu wa Rutgers walikubali sharti hilo. Robeson aliachwa nje, na mechi ikaisha sare ya 13-13.

Jambo hilo liliwakera baadhi ya wahitimu Weusi wa chuo hicho. Miaka michache baadaye mmoja wao, James Carr, aliyekuwa Mweusi wa kwanza kuhitimu Rutgers mnamo 1892, aliuandikia uongozi akilalamika kwamba chuo kilikuwa kimesaliti kanuni zake ili kuwaridhisha wageni. Robeson mwenyewe hakulalamika hadharani. Alikuwa na miaka 18, babake alikuwa mzee, na ufadhili wa masomo ulikuwa mikononi mwa watu walewale waliomweka benchi. Lakini hakuisahau siku hiyo.

Msimu wa 1917 ndio uliomweka kwenye ramani ya taifa. Rutgers ilishinda mechi saba, ikatoka sare moja na kupoteza moja. Iliizaba Fordham 28-0 mjini New York, na wanahabari waliohudhuria waliandika kuhusu jitu moja Jeusi lililoonekana kuwa kila pembe ya uwanja. Kwa kuwa alicheza pembeni mwa safu, kazi yake ilikuwa kupokea mipira ya kurushwa na kufungua njia. Timu yake ilipolinda, Sanford alimwachia uhuru wa kuusoma mchezo na kuhamia palipohitajika.

Kilele kilikuwa Novemba 24, 1917, katika uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn. Marekani ilikuwa imeingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na nyota wengi wa vyuo walikuwa wamejiunga na jeshi. Timu ya wanamaji wa akiba wa Newport ilikuwa imewakusanya wachezaji kadhaa waliokwisha kutajwa miongoni mwa bora nchini, na wengi hawakuipa Rutgers nafasi. Rutgers ilishinda 14-0. Siku iliyofuata magazeti ya New York yalikuwa na jina moja tu la kuzungumzia.

Walter Camp, anayetambuliwa kuwa baba wa kandanda ya Kimarekani, alimweka Robeson katika kikosi chake bora cha taifa cha 1918, na kumhesabu kuwa mmoja wa wachezaji bora zaidi wa pembeni waliopata kuonekana. Kwa uteuzi wa 1917 na 1918, Robeson akawa mchezaji wa kwanza wa Rutgers kupewa heshima hiyo mara mbili.

Akiwa chuoni alicheza pia mpira wa vikapu na besiboli, na kushiriki riadha. Darasani hakuachwa nyuma. Alichaguliwa kujiunga na chama cha wasomi cha Phi Beta Kappa akiwa mwaka wa tatu, na kila mwaka alishinda mashindano ya ulumbi.

Mnamo Mei 1918 babake alifariki. Siku chache baadaye Paul alipanda jukwaani kwenye shindano la ulumbi, kwa kuwa mzee alikuwa amemtaka ashiriki hata likitokea la kutokea. Alishinda. Mwaka 1919 alihitimu akiwa ndiye aliyeteuliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wenzake, na aliwataka waijenge nchi ambamo Weusi na Weupe wangepewa nafasi sawa.

Nauli ya shule ya sheria

Kipaji chake cha mpira kilimlipia masomo yaliyofuata. Alijiunga na shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na wikendi akawa anasafiri kwa treni kwenda kucheza kandanda ya kulipwa. Mnamo 1921 aliichezea Akron Pros, timu iliyokuwa ikiongozwa na Fritz Pollard, nyota mwingine Mweusi. Mwaka uliofuata alihamia Milwaukee Badgers, katika ligi ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imechukua jina la NFL.

Novemba 1922 Milwaukee ilikutana na Oorang Indians, timu ya Wahindi Wekundu iliyokuwa ikiongozwa na Jim Thorpe, bingwa wa Olimpiki wa 1912. Badgers walishinda 13-0 na Robeson ndiye aliyefikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho mara zote mbili.

Hakuendelea zaidi ya hapo. Miaka michache baadaye mlango aliopitia ulifungwa. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna Mweusi hata mmoja aliyecheza katika ligi hiyo, bila ya sheria yoyote iliyoandikwa kulikataza jambo hilo.

Mnamo Agosti 1921 alikuwa amemwoa Eslanda Goode, mwanakemia aliyefanya kazi katika maabara ya hospitali mjini New York. Ni Eslanda aliyemsukuma kuelekea kwenye sanaa. Robeson alihitimu sheria mnamo 1923 na kuajiriwa katika ofisi ya mawakili, lakini karani wa kike Mzungu alipokataa kuandika maneno aliyosomewa na Mtu Mweusi, aliondoka na hakurudi tena kwenye taaluma hiyo.

Mwaka 1924 aliigiza jijini New York katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill. Aprili 1925, akiandamana na mpiga kinanda Lawrence Brown, alitoa tamasha la nyimbo za kidini zilizotungwa na watumwa, nyimbo alizozisikia kanisani kwa babake. Ukumbi ulijaa. Kufikia 1928 alikuwa London akiimba katika mchezo wa Show Boat, na mnamo 1930 aliigiza Othello wa Shakespeare katika ukumbi wa Savoy. Tangu enzi za Ira Aldridge katika karne ya 19, Mweusi hakuwa amechukua nafasi hiyo katika jukwaa kubwa la jiji hilo.

Kiswahili na Kenyatta

London ilimfungulia Afrika. Mnamo 1933 na 1934 Robeson alisoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, katika taasisi ambayo leo inajulikana kama SOAS. Alitaka kuthibitisha kwamba nyimbo na usemi wa Weusi wa Marekani vilikuwa na mizizi inayoweza kufuatiliwa hadi bara la asili. Alikutana na wanafunzi na wanaharakati kutoka makoloni, miongoni mwao Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Jomo Kenyatta, aliyekuwa Uingereza kutetea ardhi ya watu wake.

Filamu ya Sanders of the River, iliyotolewa 1935, iliwakutanisha wawili hao. Robeson aliigiza kama Bosambo, chifu mkuu, naye Kenyatta akapewa nafasi ndogo ya mmoja wa machifu. Robeson aliikubali kazi hiyo kwa sababu sehemu ya picha zilipigwa Afrika na aliamini zingeonyesha utamaduni wa kweli. Ilipokamilika aligundua kwamba imegeuzwa kuwa sifa kwa wakoloni wa Kiingereza. Aliikana hadharani na baadaye alitaja filamu hiyo kama funzo chungu.

Mwaka uliofuata Eslanda, aliyekuwa akisomea anthropolojia, alisafiri pamoja na mwana wao hadi Afrika Kusini na Uganda. Kumbukumbu za safari hiyo zilitoka kama kitabu mnamo 1945. Robeson mwenyewe alishiriki kuasisi shirika lililokuja kuitwa Council on African Affairs, na kuanzia 1942 akawa mwenyekiti wake. Kwa miaka mingi shirika hilo lilikuwa sauti kubwa nchini Marekani iliyodai uhuru wa makoloni ya Afrika. Kenyatta alipokamatwa Oktoba 1952 na hali ya hatari kutangazwa Kenya, lilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kumtetea.

Vilevile Robeson alizuru Muungano wa Kisovieti kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 1934. Alieleza kwamba huko alitembea kama binadamu kamili bila ya kubaguliwa kwa rangi yake. Mnamo 1938 aliwaimbia nchini Uhispania askari waliopigana dhidi ya majeshi ya Franco. Mapenzi yake kwa Wasovieti yalidumu, na hata habari za mateso chini ya Stalin zilipoenea hakuukosoa utawala huo hadharani. Kimya hicho kimewasumbua hata wanaomuenzi.

Uwanja wa Brooklyn tena

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikiendelea, Robeson alikuwa miongoni mwa Wamarekani mashuhuri zaidi. Othello aliyoigiza Broadway kuanzia Oktoba 1943 ilionyeshwa mara 296, rekodi ya tamthilia ya Shakespeare katika kumbi hizo.

Desemba mwaka huo alikwenda na ujumbe wa wachapishaji wa magazeti ya Weusi kuwaona wakuu wa besiboli na kuwahimiza waondoe kizuizi cha rangi. Aliwapa mfano wa Rutgers: kama yeye aliweza kucheza na Wazungu bila ya nchi kuanguka, wengine pia wangeweza. Aprili 1947 Jackie Robinson aliingia kuichezea Brooklyn Dodgers katika Ebbets Field, uwanja uleule ambao Robeson aliung'arisha miaka 30 awali.

Kisha hali ya hewa ilibadilika. Wasovieti waliokuwa washirika waligeuka mahasimu. Aprili 1949, kwenye mkutano wa amani jijini Paris, Robeson alitoa matamshi yaliyotangazwa na shirika moja la habari kwa namna iliyoonyesha kwamba Weusi wa Marekani hawangepigana na Urusi kamwe. Wanahistoria wamebaini kwamba maneno yaliyotangazwa hayakuwa yale aliyoyasema, lakini moto ulikuwa umewaka.

Julai mwaka huo kamati ya Bunge iliyowasaka wakomunisti ilimwita Jackie Robinson atoe ushahidi. Robinson alilaani ubaguzi, lakini pia akayakosoa matamshi yaliyonasibishwa na Robeson, na magazeti yakachukua hilo la pili tu. Robeson alikataa kumshambulia. Alisema hangekubali kugombanishwa na ndugu yake. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1972, mwaka aliofariki, Robinson alikiri kwamba heshima yake kwa Robeson ilikuwa imeongezeka na kwamba wakati huo angeukataa mwaliko ule.

Agosti 27, 1949, kundi la wahuni lilivuruga tamasha la Robeson karibu na mji wa Peekskill, New York. Tamasha lilirudiwa Septemba 4 mbele ya umati wa maelfu, wafanyakazi wa vyama wakiwa wamejipanga kumlinda. Watu walipokuwa wakirejea makwao mabasi na magari yalipigwa mawe huku polisi wakitazama, na zaidi ya watu 100 wakajeruhiwa.

Benchi la miaka minane

Mnamo 1950 wizara ya mashauri ya kigeni ilimtaka arejeshe pasipoti yake. Alipokataa, ilibatilishwa. Katika hoja zake mahakamani serikali ilitaja kwamba Robeson alikuwa ametetea kwa muda mrefu uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika, na kwamba kwenda kwake ng'ambo kungeiletea Marekani madhara.

Nyumbani hakupewa kazi, na ng'ambo alikokuwa akialikwa hakuruhusiwa kwenda. Mapato yake yaliyozidi dola 100,000 mnamo 1947 yalishuka hadi takriban dola 6,000 mnamo 1952. Wale waliomshangilia Rutgers walikaa kimya. Ni katika miaka hii ambapo jina lake liliondolewa kwenye orodha za mashujaa wa kandanda, na chuo alichokipa fahari hakikupiga kelele kumtetea.

Mei 1952 alisimama juu ya lori mpakani mwa Marekani na Canada na kuwaimbia maelfu waliokusanyika upande wa pili. Mnamo 1957 aliimba kwa simu kupitia waya uliolazwa chini ya Bahari ya Atlantiki, akasikilizwa ukumbini London, na baadaye na wachimbaji makaa ya mawe wa Wales.

Kamati ya Bunge ilimhoji Juni 12, 1956. Alikataa kujibu iwapo alikuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Alipoulizwa kwa nini hakubaki Urusi, aliwakumbusha wabunge kwamba babake alikuwa mtumwa, kwamba watu wake walikufa wakiijenga Marekani, na kwamba hakuna ambaye angemfukuza kutoka kwenye nchi hiyo iliyo yake.

Miaka 40 awali, kijana wa miaka 18 alikuwa ameamriwa akae kando ili wageni wasiudhike, akakaa. Mtu mzima wa miaka 58 aliambiwa apunguze ukali wa maneno ili arejeshewe riziki yake, akakataa.

Juni 1958 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba serikali haikuwa na mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya imani zake za kisiasa. Robeson alipata yake na kuondoka. Mnamo 1959 aliigiza Othello mjini Stratford, alikozaliwa Shakespeare. Mwaka 1960 aliwaimbia wajenzi wa jumba la Opera la Sydney, Australia, wakiwa bado kwenye vyuma vya ujenzi.

Lakini afya yake ilikuwa imevunjika. Mnamo 1961 akiwa Moscow aliugua msongo mkali wa akili, na hakupona kikamilifu. Alirejea Marekani mnamo 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru chini ya yule aliyewahi kuigiza naye. Eslanda alifariki Desemba 1965. Robeson alihamia kwa dadake mjini Philadelphia, akaishi kwa utulivu mbali na umma. Hata katika sherehe ya kutimiza miaka 75 iliyofanyika New York mnamo 1973 alituma salamu tu.

Alifariki Januari 23, 1976, akiwa na umri wa miaka 77. Alizikwa baada ya ibada katika kanisa la AME Zion mtaani Harlem, ambalo nduguye Ben alikuwa ameliongoza kwa miaka mingi.

Jina larejeshwa

Katika ukumbi wa mashujaa wa kandanda ya vyuo vikuu, mlango ulifunguka mnamo 1995, miaka 19 baada ya kifo chake na zaidi ya miaka 75 tangu avue jezi ya Rutgers. Wachezaji waliokuwa duni kwake walikuwa wametangulia kuingizwa miongo mingi kabla. Mnamo 2004 serikali ile iliyomnyima pasipoti ilichapisha stempu ya posta yenye sura yake.

Rutgers nayo imejaribu kulipa deni. Majengo na maktaba za chuo hicho zimepewa jina lake, na mnamo 2019, karne moja baada ya kuhitimu, bustani ya wazi ilizinduliwa mjini New Brunswick kumkumbuka. Kwenye bamba za mawe yameandikwa masimulizi ya maisha yake: mwanafunzi, mwanaspoti, mwimbaji, mtetezi wa haki.

Orodha za kikosi bora cha 1918 sasa zina majina 11.